Mashine Mbili Nilizoziandika Mwenyewe

Nilikuwa fundi cherehani pale Kapata, mtaa wa wachimbaji wa shaba huko Katanga, na karatasi zangu za kodi nilizijaza mwenyewe. Palikuwa na mahali pa kuandika vyombo vyote vya kazi, na kila chombo kiliongeza kodi. Mafundi wenzangu waliandika mashine moja, wakampa karani hela ya soda, wakaenda zao. Mimi niliandika mbili, pamoja na namba zilizogongwa kwenye chuma. Mume wangu alinitania kuhusu serikali, Leta kwa lugha yetu: “Weye unapenda Leta kupita miye bwana yako!” Nikamjibu kwamba njia ya mwongo ni fupi. Nilikuwa na kiburi cha mtu anayejua kuandika, sifichi.

Kisha mgodi ulikufa, mishahara ikakatika, na watu wakaambiwa kwamba wenye makosa ni sisi Wakasai. Babu yangu ndiye aliyeletwa kutoka Kasai kuchimba shaba. Mimi nilizaliwa Kapata, na Kasai sikuwahi kuiona hata siku moja. Vijana wa Katanga walianza kuchoma nyumba mtaa wa juu. Tulifunga mizigo tungoje treni ya kutupeleka Kasai, na ile mashine nzuri nikaipeleka kwa jirani yangu, mama wa kaskazini ya Katanga aliyeniita yaya, yaani dada, aifiche chini ya godoro mpaka siku ya safari. Bila hiyo mashine, sikujua watoto wangu watakula nini huko tunakopelekwa.

Vijana hao walikuja kwetu asubuhi, wakavunja mlango kwa nondo. Walibeba mashine ya kwanza, sufuria, hata pazia. Halafu mkubwa wao akatoa karatasi mfukoni. Ilikuwa karatasi yangu ya kodi, mwandiko wangu, saini yangu. Nani aliwapa, sijui mpaka leo, na nikimjua nitamtemea mate.

“Mama, uliandika mashini mbili. Ya pili iko wapi?”

“Niliuzisha.”

Walimpiga mume wangu nondo ya goti. Nilisikia mfupa. Nikanyamaza. Niseme ukweli, nilinyamaza kwa ajili ya mashine. Walimpiga ya pili mdomoni, meno yakamwagika kifuani pake, na hapo bado nikahesabu kwamba labda watachoka. Nondo ilipoinuliwa juu ya kichwa chake, nilinyoosha kidole kwenye nyumba ya jirani.

Walimburuta yule mama kwa nywele mpaka uani kwangu, na mashine ikafuata nyuma. Damu ilikuwa ikimtoka sikioni. Hakunitazama kwa hasira. Alidhani wameikuta wenyewe, kwa hiyo akaanza kunitetea.

“Ile mashini ni yangu! Yaya aliniuzisha zamani!”

Yule mkubwa alinigeukia. Alitaka jibu langu, kwa sababu mtu wa huku aliyeficha mali ya Mkasai walimwita msaliti.

“Mama, ni kweli? Ao ni bongo, anatudanganya?”

Ningeweza kusema ni kweli. Lakini karatasi ilikuwa mkononi mwake, imeandikwa mwaka uleule, na nondo ilikuwa imewekwa kwenye paji la uso wa mume wangu. Mkojo ulinitoka.

“Ni bongo,” nikasema. “Ni yangu.”

Waliiweka mikono ya jirani yangu juu ya kizingiti cha mlango wangu. Walianza kuuvunja wa kulia kwa nondo. Alipiga yowe mara moja tu, baada ya hapo akawa anaita, “Yaya, yaya,” kama mtu anayemtafuta mwenzake sokoni. Mimi nilimshika mume wangu kwapani, nikamwinua, nikachukua watoto, tukapita kando yake kwenda stesheni.