Niliandika "Sanduku la Mawazo" kwenye portail ya chuo Baraka, watu wakaleta mawazo kweli

Wakuu, poleni na majukumu.

Mimi ni wa Baraka, Sud-Kivu, ng'ambo ya Kigoma ukivuka ziwa. Haya yalinipata mwenyewe, na mtu wa Baraka akipita humu anaweza kunisahihisha. Majina nimebadilisha. Aibu nimeiacha kama ilivyo.

Mimi ni assistant katika chuo kikuu kimoja kidogo, kwenye barabara inayotoka Baraka kwenda Fizi. Assistant ni yule anayefundisha profesa asipofika. Maprofesa wetu wengi wanatoka mbali, na barabara zetu mnazisikia, kwa hiyo nafundisha sana.

Siku moja Chef, mkubwa wetu wa chuo, akaniita bureau. Kuna washirika kutoka Bukavu walitaka kutusaidia kujenga kitu kimoja kwenye kampasi. Kimoja tu. Sharti lao ni kwamba tukusanye kwanza idées, yaani mapendekezo, za communauté: wanafunzi, wazazi, watu wa quartier.

Chef alikuwa anajua tayari communauté inataka nini. Inataka clôture, yaani ukuta kuzunguka chuo chote, na jina la chuo kwa herufi za chuma.

Communauté ilikuwa bado haijaambiwa.

"Weka boîte à idées ku portail," akasema, yaani sanduku la idées pale getini. "Juma mbili, kisha unifanyie rapport."

Sasa kuna jambo mnapaswa kujua kuhusu mimi. Nilikulia ukimbizini Kigoma, shule ya msingi nimesoma huko. Tuliporudi nilirudi na Kiswahili cha shule, na tangu hapo nasumbua watu. Mtu akisema "batoto", mimi nasema "watoto". Mke wangu ameshazoea. Wengine bado.

Kwa hiyo nikakataa kuandika boîte à idées.

Wilondja, assistant mwenzangu, alinionya. "Andika tu idées. Bantu bote banajua idées ni nini."

Nikamwambia hatuwezi kuwa na lugha yetu halafu tuwaombe watu kwa Kifaransa.

Najua wakuu wa Dar mmeshafungua mdomo: ni "sanduku la maoni". Asanteni, mmechelewa. Nililifikiria. Lakini Baraka tuna vyumba vya maombi karibu kila avenue, nikaogopa nikiandika maoni watu wataleta maono. Sikutaka rapport yenye malaika.

Nikachukua rangi, nikaandika kwa mkono wangu, herufi kubwa:

SANDUKU LA MAWAZO. LETA MAWAZO YAKO HAPA. CHUO KITAYASHUGHULIKIA.

Nikarudi nyuma hatua tatu kuangalia. Kiswahili safi kabisa.

Kwa wasiotujua: Baraka mtu akikwambia "niko na mawazo", hana pendekezo. Ana shida. Mawazo ndiyo yale yanayomkondesha mtu. Na mimi nilijua, wakuu, msifikiri sikujua. Mama yangu alikuwa nayo mengi tangu nikiwa mdogo. Ila nilipoishika ile brashi nilikuwa nimerudi Kigoma.

Siku ya kwanza hakuna kitu.

Siku ya pili nakuta foleni ya bamama mbele ya portail. Wengine walikuwa na beseni za ndagala, dagaa wetu, kichwani, wametoka ziwani moja kwa moja. Nikafurahi. Nikajisemea, communauté imeamka.

Wasiojua kuandika walikuwa wanaandikiwa na Papa Asukulu, sentinelle wetu, mlinzi wa geti, ambaye zamani alifundisha primaire. Amekaa kwenye kiti chake, daftari gotini, mama anamwinamia sikioni, anaandika, anakunja, anatumbukiza. Mara nikamwona ameshika mkono wa mama mmoja, anatikisa kichwa taratibu.

Nikajiuliza ni idée gani hiyo ya kushikana mikono. Lakini nilikuwa na cours, nikapita.

Jumamosi ya juma la pili tukafungua sanduku, mimi na Wilondja.

Karatasi ya kwanza: "Bwana yangu alienda Kazimia kutafuta samaki. Samaki imefika. Yeye hapana."

Ya pili: "Mawazo yangu ni cours ya statistique." Statistique nafundisha mimi.

Ya tatu, mvuvi wa Swima: "Mama-mkwe alikuja kutusalimia. Huu ni mwezi wa tatu."

Ya nne ilitoka kwa mzee mmoja wa Minembwe, mfugaji, aliituma kwa mkono wa mwanafunzi: "Mtoto wangu anashuka kuja kusoma kwenu, kwa miguu na kwa moto. Akifika hakuna wa kunijulisha. Mpaka nisikie, ng'ombe nawatazama tu, siwaoni." Moto kwetu ni pikipiki.

Ya tano: "Mawazo yangu ni huyu anayesoma barua za watu."

Wilondja alicheka mpaka akashika mlango. "Si uliandika chuo kitayashughulikia? Sasa shughulikia. Anzia kwa mama-mkwe."

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimefungua ya sita.

Nainakili hapa kama Papa Asukulu alivyoiandika:

"Mi ni mama ya Neema, wa mwaka ya tatu. Kila siku niko nakaa inje ya portail na mutoto wake wa kunyonya, juu règlement inakataza mutoto kuingia. Jua tunavumilia. Mvua ikikuja mi narudi mbio na mutoto, na Neema akisikia mvua ku manjanja anatoka mu cours anatufuata. Sasa bamemuambia akiongeza absence mbili, banamutoa ku liste ya examen. Na mvua ndjo imeanza. Niko na mawazo."

Manjanja ni mabati, wakuu.

Huyu Neema namjua. Anakaa karibu na mlango. Mvua ikianza tu kupiga, anafunga daftari anatoka, na mimi nachukua kalamu naandika absence. Katika zote alizokuwa nazo, karibu nusu ni za mkono wangu. Na siku moja nilimtania mbele ya darasa zima, nikamuuliza kama yeye ni chumvi. Darasa lilicheka. Na yeye alicheka kidogo, akatoka.

Niliona haya, wakuu. Niliona haya mpaka nikakaa chini.

Jumatatu nikampelekea Chef zile karatasi. Akasoma tatu nne, akavua miwani.

"Nilikutuma idées. Umeniletea soucis." Yaani mawazo yale ya kukondesha.

Nikamwonyesha ya Mama Neema. Akasoma yote, akanirudishia. Akasema règlement ni règlement, na tukishajenga clôture hakuna mtu atakayekaa portail tena.

Hapo alisema kweli. Ukuta ulikuwa unapita palepale anapokaa yule mama. Angesogezwa mpaka barabarani, kwenye moto na malori.

Nikaambiwa niandike rapport ya kueleweka: clôture namba moja, bibliothèque namba mbili, internet namba tatu. Halafu niite watu kwa restitution, kikao cha kuwasomea matokeo, maana Alhamisi ya juma linalofuata déléguée wa washirika anafika kusikiliza.

Sitawadanganya. Niliiandika. Nina watoto, na contrat yangu inaisha na mwaka wa masomo. "Communauté, baada ya kutafakari kwa kina, inapendekeza clôture." Sentensi hiyo ni yangu. Karatasi ya Mama Neema nikaitia mfuko wa shati, sijui kwa nini.

Ikabaki tangazo.

Wakuu, mtu mwenye akili angejifunza. Mimi nikakaa chini kutafuta Kiswahili safi cha "restitution". Nikakipata. Tangazo likasomwa Jumapili kwa Wakatoliki na kwa Waprotestanti, na Jumatano jamaa mmoja akazunguka na moto na mégaphone mji mzima:

"Kesho saa tatu, chuo kitarudisha mawazo kwa communauté. Nyote mnaalikwa."

Alhamisi saa mbili na nusu kampasi ilikuwa imejaa. Chef alifurahi, akamwambia déléguée, mama mmoja mtulivu wa Bukavu, kwamba huku watu wanapenda chuo chao. Mimi niliangalia sura za watu. Hazikuwa sura za watu waliokuja kwenye sherehe.

Nikasimama na mégaphone. "Communauté, baada ya kutafakari kwa kina..."

"Assistant, pardon."

Ni Mama Neema. Amesimama katikati ya watu, mtoto mgongoni. Siku hiyo Papa Asukulu alikuwa amewaruhusu wote waingie.

"Niko na swali mbele usome. Ni kweli leo munaturudishia mawazo?"

"Ndiyo, mama. Ndiyo restitution yenyewe."

"Juu ya nini? Tulikosa nini?"

Mwingine nyuma akadakia: "Mulisema mutayashughulikia!"

"Kama hamuyawezi mungesema mbele!" Huyo nadhani alikuwa wa mama-mkwe.

"Hapana, sikilizeni," nikasema, "kurudisha maana yake ni..." Nikatafuta. Kiswahili changu chote cha Kigoma hakikuwa na maana yake.

Mama Neema hakupaza sauti. "Mi yangu niliacha hapa. Ile siku nilitia mu sanduku, nililala usingizi. Tangu mvua ianze nilikuwa silali. Sasa leo mukinirudishia, nitapeleka wapi?"

Hata Wilondja, aliyezicheka zile karatasi, alikuwa anaangalia viatu vyake.

Déléguée akamgeukia Chef. "Ni mawazo gani ile ya mama?"

Chef akanigeukia mimi. Rapport ilikuwa mkononi. Ningependa kuwaambia kwamba niliamua, lakini ni mkono tu ulienda mfukoni wenyewe. Nikaisoma ile karatasi kwenye mégaphone, neno kwa neno, na manjanja yake yote. Nilipofika kwenye absence nikaongeza kwamba karibu nusu nimeziandika mimi, na kwamba nilimwita binti wa watu chumvi.

Déléguée akauliza, "Mama, mwenye anakaa inje na mutoto ni weye peke?"

Mama Neema akageuka nyuma. Bamama wengine wakasimama, mmoja, mwingine, mwingine. Bibi, shangazi, dada wakubwa, kila mmoja na mtoto wa mwanafunzi. Walikuwa wengi kuliko nilivyowahi kuona, na pale napita kila siku.

Déléguée akafunga daftari lake. "Basi idée njo hiyo."

Chef, wakuu, mpeni haki yake. Hakutetereka hata kidogo. Akasimama akasema, "Ndiyo maana tuliweka sanduku."

Leo ukiingia portail yetu, kulia utakuta hangar. Nguzo, manjanja, mabenchi, mtungi wa maji. Ukuta unangoja washirika wengine. Règlement bado inakataza mtoto kuingia auditoire, ukumbi wa masomo, ila kuhusu hangar haisemi kitu, na hakuna aliyeiuliza.

Papa Asukulu sasa ana cahier, daftari la wanaofika kutoka mbali. Mwanafunzi akishuka anasaini, anapiga simu nyumbani palepale mbele yake ndipo aingie. Mzee wa Minembwe ameshatuma salamu.

Zile absence nilizifuta. Wilondja anasema huo sio utaratibu. Ni kweli.

Kwa mama-mkwe wa Swima chuo kimeshindwa. Bado yupo.

Neema alitetea travail yake, tasnifu ya kumalizia, mwishoni mwa mwaka. Nilikuwa nimekaa pembeni, naandika procès-verbal, kumbukumbu za kikao. Alikuwa anaeleza chapitre ya kwanza, sauti nzuri, hatetemeki, mara mvua ikapiga manjanja.

Akanyamaza katikati ya sentensi.

Nikamwona mkono wake unakusanya karatasi, moja moja, kama alivyokuwa anafanya darasani kwangu. Jury wote wanamwangalia. Kalamu yangu ilikuwa juu ya karatasi na mimi siandiki.

Kisha akakumbuka. Akazirudisha karatasi mezani, akazinyoosha, akaendelea na chapitre ya kwanza pale alipoachia.

Sikuandika chochote kwa dakika kadhaa. Kama procès-verbal ina pengo, ni hapo.

Kuhusu sanduku: Chef aliagiza maandishi yabadilishwe. Sasa yanasema BOÎTE À IDÉES, ameandika Wilondja, kwa furaha kubwa. Tangu siku hiyo halikupata karatasi hata moja. Nilikuwa nalifungua kila Jumamosi, nafunga, naenda nyumbani.

Mpaka juma lile baada ya Neema kutetea. Nikakuta moja, mwandiko wa Papa Asukulu:

"Ni miye mama ya Neema. Mawazo sina. Nimeona sanduku iko tupu, nikaihurumia."

Hiyo ipo mfukoni hadi leo.

Nilichojifunza: mkitaka kujua chuo kinakosa nini, msiulize watu wana idées gani. Ulizeni kinachowanyima usingizi. Na mtu akitoka darasani mvua ikinyesha, mfuateni kwanza mjue anaenda wapi, ndipo mchukue kalamu.

Mke wangu juzi alisema "batoto banalala", nikajibu, "Aksanti, mama, acha balale."

Haya wakuu, uwanja ni wenu, hasa mliowahi kuombwa "maoni" na vyuo vyenu. Wenye mawazo waandike, na wale wenye mawazo nao waandike. Nitasoma yote, na simrudishii mtu.