Mpira wa Dirishani

Asubuhi moja nilipita Gongoni kwenye duka la nyama, nikamkuta fundi aliyenifundisha kazi ya friji amechuchumaa nyuma ya friji kuukuu. Nikamwamkia, "Shikamoo, mwalimu." Akaitikia marahaba huku akifungua gesi yote itoke nje, kwa mpira alioupitisha dirishani.

Kwa mafundi wa mtaa wetu, kuupitisha mpira dirishani ni adabu, ili gesi isimdhuru mwenye duka wala wateja wake. Mimi damu ilinichemka.

"Mtungi niliokuletea wa kuikusanyia uko wapi?"

"Mzito, nimeuacha nyumbani. Ya nini? Ikishatoka nje imepotea."

Imepotea! Nikamwambia, kwa sauti iliyomfanya muuza nyama aache kukata, kwamba gesi ya friji hizi za zamani haipotei. Huku kwetu karibu na ikweta ndiko hewa inakopanda na mawingu ya mvua, ikayapita mawingu yenyewe, kisha ikasambaa polepole, mwaka baada ya mwaka, hadi kwenye ncha za dunia. Huko juu jua kali huivunja gesi hiyo, nayo huila ozoni inayotukinga sote. Sasa hiyo ni adabu gani?

Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kwa upole, "Na miaka yote uliyokaa kwangu, dirisha alikuwa akilifungua nani?"

Nilikuwa mimi, kwa kila friji. Gesi ile nyingi bado iko juu, na hasira zangu haziwezi kuishusha.