Springi Iliyoingia kwa Mkono

Odero alikuwa mwanamume mrefu, mwenye mikono ya kung'oa mgomba na mizizi yake, na alikuwa anaogopa springi. Si nyoka, si askari, si mafuriko ya mtaa wa Bwaise yanapopanda mpaka kitandani na kumwamsha mtu kwa kumlamba nyayo. Springi! Kile chuma kilichojikunja kando ya gurudumu, kimenyamaza, kinangoja.

Hofu hiyo ilimwingia miaka michache baada ya vita vya mwaka wa themanini na sita, alipokuja Bwaise kutoka Kisumu kujifunza ufundi kwa mzee Saverio. Siku moja vibano vya kubania springi vilikuwa vimeazimwa, na Saverio akaibana springi ya pikapu kwa waya. Waya ukakatika. Springi ikaondoka na taya la mzee, ikatoboa bati la paa, ikampata kaloli, yule korongo mla taka, aliyekuwa anapita zake angani, ikaanguka Kawempe bado ya moto. La kaloli unaweza kulikataa. La taya usilikatae, maana Saverio alikunywa uji kwa mrija mpaka siku aliyozikwa.

Tangu hapo Odero alifanya kazi zote za gari isipokuwa hiyo moja. Springi zikifika, anamwachia mwenzake Augustin, Mkongo mfupi asiyeogopa kitu.

"Mgongo wangu leo," Odero husema.

"Huo mgongo wako una masikio," Augustin humjibu. "Ukisikia springi tu, unauma."

Basi akaja Hamdun wa Kisugu, muuza viatu soko la Owino, na kigari chake chekundu, Starleti. Shokomzoba zilikuwa zimekwisha. Kikipita shimoni, kinaendelea kuitikia kwa kichwa njia nzima kama mtu anayesinzia msibani. Hamdun alikuwa amenunua shokomzoba mpya nne, na springi fupi nne za mtumba zilizotolewa kwenye gari lililogonga. Alitaka kishuke, na kwa bei ya mnyonge.

"Kishushe, fundi. Nataka panya akitaka kupita chini yake ainame."

Nyuma hakukuwa na tabu, springi za nyuma hutoka na kuingia bila ugomvi. Mbele ndiko kwenye kazi. Augustin alizifungua zile za zamani kwa vibano, akazilaza kwenye gunia, na kabla hajafunga mpya akaja mtu mbio: Nabintu, mkewe, ameshikwa na uchungu wa kuzaa. Augustin akaacha spana ikiwa bado ina joto la mkono wake.

Odero akabaki na springi. Aliisimamisha juu ya shokomzoba. Ikaizidi shokomzoba kwa vidole vinne. Vidole vinne hivyo vilitaka kubanwa. Vibano vilikuwa hapo chini, vimelala kama taya mbili. Akavishika, akaviweka. Akavishika tena. Jasho likamtoka mpaka kwenye magoti.

"Fundi, vipi?" Hamdun aliuliza kutoka nje. "Au tukuletee chai na kitanda?"

Odero akachukua mashine ya kukatia chuma, akakata pete moja ya springi. Ikazidi kidogo bado. Akakata nusu nyingine. Sasa ikaingia yenyewe, kwa mkono, kama bangili kwa mtoto. Ya pili akaifanya vivyo hivyo. Kigari kikaketi chini, kimependeza kuliko kilivyotoka kwa wenyewe waliokitengeneza. Hamdun akakizunguka akipiga makofi.

"Umenimaliza, fundi! Kesho asubuhi nampeleka Bibi huko Masaka. Atadhani amekalia mkeka!"

 Odero alimjua Bibi Hajara, mama mzee aliyemlea Hamdun tangu vita vimchukulie wazazi. Alijua pia alichokifanya. Springi iliyoingia bila kubanwa hakuna kinachoishika ila uzito wa gari. Gurudumu likining'inia shimoni, springi inalegea; ikilegea, inaruka kutoka mahali pake; na njia ya Masaka ina malori yasiyongoja mtu. Alitaka kusema. Lakini kusema kulitaka aseme kwa nini alikata.

"Nenda polepole," akasema. Ndilo neno lililotoka.

Usiku huo kila alipofumba macho alimwona Bibi Hajara anaruka juu ya paa, hana taya, anamuuliza habari za nyumbani. Kulipoanza kupambazuka alitia zile springi za zamani na vibano ndani ya gunia, akapanda bodaboda mpaka Kisugu, gunia likimgonga mgongo ule ule anaousingizia.

Alikuta wamesimama uani. Bibi Hajara alikuwa ameshapita chini ya Msahafu, Fatiha inasomwa, na Odero, Mkristo wa watu, akangoja na gunia lake kichwani mpaka walipoitikia amina.

"Msiondoke," akasema.

"Una wazimu?" Hamdun alisema. "Gari umenipa jana!"

Odero akalitua gunia. Akapiga jeki. Gurudumu la mbele likaning'inia. Akapenyeza kidole kimoja, akaizungusha springi kama mtu anayevuta tasbihi. Ikazunguka bila kukwama popote.

Hamdun akamkamata shati. "Ulijua?"

"Nilijua."

"Bibi yangu, Odero! Ulijua ukanyamaza!"

"Naogopa kuibana," Odero alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko yeye. "Nilikata ili nisiibane."

"Mwachie shati," Bibi Hajara alisema. "Afunge hizo nyingine tuondoke."

"Basi rudi ndani, Bibi. Hii kitu ikiruka inaua," Odero akasema.

"Dua imeshasomwa. Nani amekuambia msafiri hurudi ndani baada ya dua? Unataka kuniletea nuksi?" Akavuta kigoda, akakiweka hatua tatu kutoka pale, akajifunika vizuri kanga yake. "Bana, mwanangu. Nakutazama."

"Sogea nyuma basi, Bibi."

"Ukiibana vizuri, nisogee kwa nini?"

Odero akaitoa springi iliyokatwa, akasimamisha ile ya zamani mahali pake, akatia vibano, kimoja huku, kimoja huku. Akakaza kulia nusu mzunguko, akakaza kushoto nusu mzunguko. Springi ikalia. Mlio ule aliujua. Ndio wa mwisho Saverio kuusikia akiwa na meno. Spana ikamteleza kwa jasho. Alijiviringisha, akajilaza kati ya springi na kile kigoda, mgongo wake mpana ukiwa ukuta, akaendelea kukaza huku anasali Kijaluo. Nusu kulia. Nusu kushoto. Hamdun alikuwa ameshakimbilia nyuma ya tangi la maji.

"Wewe muuza viatu," Bibi alisema bila kugeuka, "maji hayo yanakukinga?"

Nati ya juu ikashika. Odero akalegeza vibano kidogo kidogo, na springi ikakaa mahali pake, imejaa, haizunguki hata kwa mikono miwili. Bado ya upande wa pili. Alikaa chini kwanza, akajipapasa taya. Lilikuwepo. Akaenda kuianza.

Walipomaliza, springi za nyuma zilikuwa fupi na za mbele zile ndefu za zamani, kwa hiyo kigari kikainua pua kama mbuzi aliyesikia harufu ya mahindi. Hamdun alikitazama akataka kulia.

"Wiki ijayo nakununulia za mbele fupi nyingine, nakufungia bila kuzikata," Odero alisema.

"Atafunga Augustin."

"Nitafunga mimi," alisema, akavirudisha vibano ndani ya gunia.

Bibi Hajara akajitia ndani, akaegemea nyuma kabisa kwa sababu ya ule mwinamo, akamtazama Odero kupitia dirishani.

"Ingia mbele, fundi," akasema. "Unakwenda nasi Masaka. Iking'oka, ing'oke nawe ukiwemo."

Na Odero akaingia, akafunga mlango, akashika dashibodi kwa mikono miwili mpaka walipovuka mji wa Mpigi.