Abiria wa Bi Verlene

Verlene Tofte aliendesha basi la shule katika mji wa Yakima mpaka wale watoto aliowabeba wakazaa, na watoto wao wakapanda basi lilelile. Alipostaafu, mumewe Orrin, fundi bomba aliyechoshwa na makelele ya wateja, alinunua gari-nyumba la mtumba: refu, jeupe, lenye mstari wa zambarau ubavuni. Nyuma kulikuwa na kitanda, katikati jiko, na bafu la kuogea huku umebana pumzi.

"Tutatembea polepole," Orrin alisema. "Mimi na wewe tu. Milima, mizabibu, kimya."

Tatizo ni kwamba Verlene alistaafu kazi, lakini kazi haikumstaafu yeye. Kila walipofika kwenye reli alisimama, akafungua mlango na kusikiliza treni, kama madereva wa mabasi ya shule wanavyotakiwa, hata kama reli yenyewe imeota majani. Orrin akipiga chafya, sauti ilitoka kwenye usukani: "Nani huyo? Kaa chini!" Mzee wa watu akafika mahali pa kunyoosha mkono akitaka kwenda chooni.

Baada ya kuteremka milima ya Cascade waliegesha kwenye shamba moja la mizabibu ambako wageni huonja mvinyo, Verlene akanunue jibini. Orrin akaingia bafuni. Verlene aliporudi na kufungua mlango, wakamfuata wanawake waliovaa kofia za majani. Mmoja, Annika, alikuwa na shela na utepe ulioandikwa "Bibi Harusi Mtarajiwa". Mvinyo walikuwa wameacha kuuonja zamani. Sasa walikuwa wanaunywa.

Mtu mwingine angeuliza. Verlene aliona watu wanapanda, basi.

"Songeni nyuma! Kaeni! Mikono ndani!"

Wakakaa upesi, mikono magotini. Gari likaondoka.

"Jamani, basi hili lina jiko!" mmoja akanong'ona.

"Lina hadi kitanda, shoga yangu! Mimi sishuki."

Verlene akawatazama kwenye kioo, moyo ukamjaa. Hakuwauliza wanakwenda wapi, maana aliogopa jibu lingemnyang'anya abiria.

Kwenye reli akasimama kama kawaida. Orrin, akidhani wamefika, akatoka bafuni na taulo kiunoni, akiimba.

Wanawake wakapiga vigelegele. "Babu, hata burudani ipo?" Annika alicheka mpaka machozi. "Hii hatukuilipia!"

Orrin akaishika taulo kwa mikono yote miwili. "Mke wangu, hawa ni nani?"

"Abiria."

"Wa nani?"

"Mume wangu, usinisumbue, naendesha."

Hapo honi zikalia nyuma. Basi jeupe lenye mstari wa zambarau likasimama, akashuka dereva mwembamba aitwaye Lonnie, jasho likimtiririka. "Mama, umeniibia watu! Hao ni wa kwangu, wamekodi basi langu kuzunguka mashamba!"

"Kwako kuna jiko?" Annika akamuuliza dirishani.

"Hakuna."

"Basi tangulia, sisi tunakuja na bibi."

Wakabishana, wakachoka. Ikaamuliwa Lonnie atangulie kuonyesha njia na basi lake tupu, Verlene afuate na mzigo. Orrin akavaa suruali akahamia kwa Lonnie, akajinyoosha kwenye viti vya nyuma. Mchana kutwa wale wawili waliongea mara moja tu.

"Mlima ule," Lonnie alisema.

"Ndiyo," Orrin akajibu.

Ilikuwa siku yake nzuri kuliko zote tangu waondoke nyumbani.

Verlene naye aliwavusha wanawake wazima barabara wakiwa wameshikana mikono, akawapikia tambi za jibini, na hakumruhusu yeyote kushuka kabla ya kusema asante. Jua lilipozama nyuma ya vilima, Lonnie aliwachukua, wakaondoka wakipunga mikono. Verlene alisimama barabarani akiwapungia mpaka vumbi likatulia.

Orrin akarudi kwenye gari-nyumba kulala. Akafungua pazia la kitanda, akatazama, akalifunga taratibu.

"Verlene," akaita. "Mmoja kabaki. Anakoroma."

"Usimwamshe!" Verlene akajibu, akiwa ameshawasha gari.