Mkate Uliozidi Kila Nikifunua Ukurasa

Tulikuwa wanne chumbani siku ile. Mimi. Mwanangu wa mwisho, wa kike, afanyaye kazi ya ofisi kule Mbaraki. Binti yake, mjukuu wangu, miaka sita, ambaye mamake humwacha kwangu Kibokoni kila akienda kazini. Na mwalimu wa shule tuliyoijia, upande wa Buxton, mwanamke wa bara aliyeolewa na mtu wa relini, ambaye kazi yake ilikuwa kuwapima watoto kabla ya kuingia darasa la kwanza. Majina yao yote ninayo, hata la babake mwalimu, maana nilimuuliza. Wameniomba nisiyataje, siyataji.

Watoto waliambiwa kila mmoja aje na kitabu akipendacho, amsimulie mwalimu. Wetu alichukua kile cha mkate. Kilikuwa kitabu cha picha, na chini ya kila picha mstari mmoja wa maneno. Mimi nimesoma chuo cha Kurani tu. Msahafu naujua, na barua naandika kwa herufi za Kiarabu. Hizi za kizungu sizijui, na hilo nyumbani hakuna aliyelijua isipokuwa marehemu mume wangu. Lakini picha zile zilichorwa na mtu mwenye jicho. Nilizitazama, hadithi ikaja yenyewe, na mwaka mzima nilimsimulia mjukuu wangu kila baada ya sala ya alasiri.

Ilikuwa hivi. Msichana anaondoka kwa nyanya yake na kipande kidogo cha mkate wa sinia, hakimtoshi hata yeye. Jua jekundu, ni alfajiri. Njiani anakutana na paka, kisha mshona kofia, kisha muuza kahawa. Kila mahali mikono imenyooshwa, na kila ukurasa mkate unazidi, mpaka anafika kwa mamake sinia imejaa. Mjukuu wangu aliniuliza mbona msichana kila picha anaangalia kule alikotoka. Nikamwambia ndiyo adabu, mtu humpi mgongo hujamuaga. Akauliza paka naye mkate kautoa wapi. Nikamwambia aliuiba jana, leo anaurudisha.

Basi mwalimu akakishika kitabu mwenyewe, akakifungua, akamwonyesha mtoto picha.

“Haya, mrembo. Hapa hadithi inaanzaje?”

“Hapa imekwisha,” akasema mjukuu wangu. “Ameshafika kwa mamake.”

Mwalimu akafunua. “Na hapa?”

“Hapa bado hajafika.”

“Huyu mwenye birika anafanya nini?”

“Anampa mkate.”

“Anampa, ama anapewa?”

“Anampa. Na paka pia atampa, lakini wa paka ni wa kuiba.”

Mwalimu akaandika, akaandika tena. Kisha akamwambia mwanangu kwa upole, “Mama, mtoto anaongea vizuri, lakini mpangilio wa hadithi hana. La mbele analiweka nyuma. Mimi naona arudie chekechea mwaka mmoja.”

Mwanangu uso ulimshuka. Alikuwa ameshanunua sare. Mtoto naye akanitazama, na alinitazama mimi, si mamake.

Mimi wakati ule nilikuwa na hakika aliyekosea ni mwalimu. Nikasema, “Mwalimu, samahani, umeanzia mwisho.”

“Nimeanzia mwanzo, nyanya.”

“Kitabu kinafunguliwa huku.” Nikamwonyesha ule upande wa kulia, kama ninavyoufungua msahafu tangu nina umri wa mjukuu wangu.

Mwanangu akasema polepole, “Mama, hicho si msahafu.”

Vitabu vya wanangu nimevifuta vumbi miaka na miaka, nimevivisha magazeti visichanike, na sikuwahi kufungua hata kimoja kwa haja yangu mwenyewe. Hiki nilipokishika, mkono ulikwenda ulikozoea. Na picha hazikunikataza.

Ningeweza kusema macho yangu mabovu. Maneno yalikuwa tayari mdomoni, na wangeniamini. Lakini mtoto alikuwa bado ananitazama, akingoja nimtetee.

“Kosa si lake,” nikasema. “Mimi herufi hizi sijui kuzisoma. Yeye amesema nilivyomfundisha.”

Sikuthubutu kumwangalia mwanangu.

Mwalimu hakucheka. Alinipa kitabu. “Nisimulie wewe, nyanya.” Nikamsimulia kwa upande wangu, mkate ukizidi. Alisogeza kiti karibu, na tulipopita kwa paka aliweka kalamu chini. “Kitabu hiki nakijua siku nyingi,” alisema, “sikujua kinakubali kurudi nyuma.” Halafu akakigeuza, akamwekea mjukuu wangu. “Sasa picha zilezile, lakini tuanzie upande wangu.”

Mtoto aliinamia kitabu. Akaweka kidole juu ya mkate, akafunua, akaweka tena.

“Unapungua,” akasema.

Kisha ikamjia kwa haraka. Anampa muuza kahawa. Anampa mshona kofia. Paka naye anapewa, masikini, hakuiba. Hakusoma neno hata moja, alikuwa akifuata mkate tu. Mpaka akafika kwenye picha ya nyanya amesimama mlangoni, na kile kipande kidogo.

“Nyanya, kakuletea hiki tu,” akaniambia, kana kwamba wa pichani ni mimi. “Chote kingine kagawa njiani.”

Picha ile nilikuwa nimeitazama mwaka mzima. Nilikuwa nikimhurumia yule bibi, nikidhani anamuaga mjukuu kwa kipande kimoja kwa kuwa nyumbani hakuna zaidi, na anatabasamu kuficha aibu. Kumbe alikuwa anapokea. Alifurahi kweli. Na jua nililoliita la alfajiri lilikuwa la magharibi. Nilishtuka kama mtu aliyemsema vibaya jirani, kisha akagundua hakuwa akimjua.

Mwalimu alipiga mstari juu ya alichokuwa ameandika, akaandika upya. “Darasa la kwanza,” akamwambia mwanangu.

Kwenye ngazi mwanangu alinishika mkono. “Mama, na ripoti zangu zote zile za shule? Ulikuwa ukizishika, ukiniambia hapa umefanya vizuri, hapa umeteleza. Na hukukosea hata siku moja.”

“Nilikuwa nautazama uso wako,” nikamwambia.

Mkono wangu hakuuachilia mpaka tukafika Kibokoni.

Haya nimeyaandika kwa herufi zangu, mwanangu akayanakili kwa zake. Jambo moja tunabishana: kama mwalimu alipiga ule mstari baada ya mtoto kumaliza, ninavyokumbuka mimi, au kabla, anavyosema yeye. Mwalimu akiyaona haya anisahihishe, na mjukuu wangu akishaweza kusoma naye anisahihishe. Mwaka mzima niliweka la nyuma mbele na sikujua, siwezi kuapa kwamba hapa sijafanya vilevile.