Mfadhili wangu wa Ubelgiji aliniuliza kama mbuzi wangu alizaa, na mimi sijawahi kuwa na mbuzi

Wakuu, hodi humu ndani.

Ilianza Jumapili iliyopita, saa sita na dakika ishirini mchana. Saa naijua kwa sababu naandika diary kila siku tangu nifike Ubelgiji, na siku hiyo niliandika saa kabla ya kuandika kitu kingine chochote.

Mimi ni mtu wa kusoma nyuzi za wengine na kupita kimya kimya. Hata ku-like naona aibu. Leo nimejikaza.

Najua humu mtu akileta kisa kitamu mnamwambia hiyo ni chai, katunga. Basi niseme mapema: chai ipo kwenye huu uzi, lakini niliipika nikiwa na miaka saba, na leo nimekuja kuimwaga. Mengine yote ni kweli tupu.

Kwa ufupi kuhusu mimi. Nimezaliwa Kigoma. Mama alitangulia Ulaya nikiwa mdogo, nikabaki na bibi. Sasa nina miaka kumi na saba, nipo secondary hapa Brussels, naishi na mama Ixelles. Mama anasuka nywele kwenye saluni moja Galerie d'Ixelles, pale Matonge, mtaa wa Waafrika.

(Msiniulize kwa nini mama alikuwa Ulaya halafu mtoto anasomeshwa na wafadhili. Miaka ile hakuwa na makaratasi wala kazi. Hata simu aliyokuwa anatupigia ilikuwa ya kuazima.)

Kule Kigoma kulikuwa na kituo cha kanisa kinachosomesha watoto wa familia zisizojiweza. Kila mtoto ana mfadhili wake Ulaya. Wangu alikuwa Ubelgiji, anaitwa Lutgarde. Hilo jina nilijua kuliandika kabla sijaweza kulitamka.

Ukipata mfadhili unapata sare, madaftari, uji wa Jumamosi na masomo ya ziada.

Na viatu. Wakuu, viatu vyangu vya kwanza vyeusi vya kamba nililala navyo wiki nzima. Bibi akawa ananitania, "Mkeshe vizuri na mume wako."

Sasa sikilizeni utaratibu wa barua, maana ndipo kesi ilipo.

Kila mtoto alitakiwa kumwandikia mfadhili wake mara mbili kwa mwaka. Sisi watoto arobaini, mwalimu mmoja, chaki moja. Mwalimu Yona alikuwa anaandika barua moja ubaoni, tunanakili wote. Sehemu za kujaza anaacha mstari mtupu.

Jina langu ni ______.
Ninapenda somo la ______.
Nyumbani tunafuga ______.

Hapo kwenye kufuga nikakwama.

Kwetu hatukufuga kitu. Bibi alikuwa anasema sisi tunafuga panya, na wenyewe wamekonda. Nikampelekea Mwalimu Yona karatasi, nikamwonyesha ule mstari. Akaniambia, "Debora, barua haiendi Ulaya na pengo. Rudi ujaze."

Aliyekaa kulia kwangu kaandika kuku. Wa kushoto kaandika ng'ombe. Nikapiga hesabu: kuku ni wadogo, ng'ombe ni uongo mkubwa.

Nikaandika mbuzi wawili.

Nikachora na mmoja pembeni, mwenye doa jeusi kwenye jicho. Doa lilikuwa la kweli, la mbuzi wa jirani. Angalau doa.

Baada ya miezi minne majibu yakaja. Wenzangu walijibiwa mistari miwili mitatu, soma kwa bidii, Mungu akubariki. Mimi nikapata ukurasa mzima, na wote ulikuwa wa mbuzi. Wanaitwaje? Wanalala wapi? Wanakula nini kiangazi? Lutgarde alikulia shambani, baba yake alikuwa na mbuzi, kwa hiyo alikuwa anauliza maswali ya mtu anayejua.

Ungekuwa wewe ungefanyaje?

Mimi nikawapa majina. Sukari na Chumvi.

Wakuu, wale mbuzi waliishi miaka minne. Chumvi alikula daftari langu la hesabu. Sukari aliumia mguu, na Lutgarde akaniandikia hatua kwa hatua jinsi ya kuufunga kwa vijiti na kitambaa. Mwalimu Yona ndiye alikuwa anatutafsiria. Akifika kwangu anaguna, "Haya Debora, ule mguu unaendeleaje?" Na anajua vizuri kwetu hakuna hata kamba ya kufungia mbuzi.

Barua yangu ya mwisho, nina miaka kumi na moja, niliandika kwamba Sukari ana mimba.

Mwezi uliofuata visa ikatoka, nikaja kwa mama. Utaratibu wao ni kwamba mtoto akiondoka, mfadhili anaambiwa tu "mtoto amehama". Haambiwi amekwenda wapi. Na mimi sikuwa na anwani yake, barua zote zilikuwa zinapitia ofisini.

Ikaishia hapo. Au ndivyo nilivyodhani.

Turudi Jumapili.

Kanisa letu hapa, wengi ni Wakongo wa Lubumbashi, lilikuwa na chakula cha mchana cha kuchangia shirika moja linalosomesha watoto ng'ambo. Sikujua ni lile lile la kituo chetu cha Kigoma. Kwa Kifaransa lina jina tofauti kabisa.

Nilipewa kazi ya kupitisha sambusa, kazi nzuri kwa mtu mwenye aibu, maana watu wanaangalia sinia, hawakuangalii wewe. Ukutani walikuwa wamebandika barua za watoto. Napita zangu, nikaona doa jeusi kwenye jicho.

Ilikuwa saa sita na dakika ishirini.

Mbuzi wangu. Mwandiko wangu. Peni ya bluu iliyokuwa inavuja.

Pembeni yake amesimama bibi mmoja wa Kizungu, nywele nyeupe fupi, sweta ya kijani, anawasimulia watu wawili habari za mguu wa Sukari. Anaonyesha kwa vidole jinsi ya kuzungusha kitambaa. Mwishoni akasema (nawawekea kwa Kiswahili), "Na mpaka leo sijui kama alizaa."

Sambusa tatu zikaenda chini.

"We Debora!" Mama huyo. "Sambusa za watu hizo, umelogwa?"

Nikamnong'oneza kwamba barua ile ni yangu. Akaangalia barua, akaniangalia mimi, akaangalia barua tena.

Bahati mbaya nyuma yetu alikuwa Tonton Dieudonné (tonton ni mjomba kwa Kifaransa), kiongozi wa kwaya. Huyu baba hana sauti ya chini, hata akisali peke yake jirani anaitikia amina.

"Kumbe njo weye mutoto ya mbuzi? Eh, Yezu! Maman Lutgarde! Kuya huku, tumemupata!"

Bibi akageuka. Akanishika mashavu kwa mikono miwili kama anakagua embe sokoni.

"Déborah? Déborah wa Sukari?"

Nikaitikia kwa kichwa. Akanikumbatia mpaka nikasikia moyo wake unavyodunda. Akasema ameniombea kila Jumapili kwa miaka sita bila kujua niko wapi. Anaishi stesheni tatu za metro kutoka kwetu, wakuu. Tatu.

Halafu akarudi nyuma kidogo, akaniuliza, "Alizaa?"

"Attendez!" Tonton Dieudonné akaingilia. "Hapana sema sasa. Bantu yote basikie. Bon, mutoto, kuya ku micro, useme mambo mbili tatu tu, alors."

Mimi shuleni nikipewa exposé, ile ya kusimama kueleza mada mbele ya darasa, natetemeka hadi karatasi inapiga kelele. Nilimwangalia mama anitoe. Mama akaniinamia sikioni.

"Sema alizaa mapacha, yaishe. Bibi wa watu mzee, utamvunja moyo mbele ya kanisa kwa ajili ya mbuzi? Na watoto waliobaki kule je? Hawa wakisema tunadanganya, nani atawavalisha viatu?"

Hiyo ya viatu ndiyo ilinimaliza.

Nikapanda jukwaani, nikashika kipaza sauti. Nikasema asante, merci, nikasema Sukari alizaa. Mapacha.

Ukumbi ulilipuka. Vigelegele, kinanda kikaanza chenyewe. Tonton Dieudonné akanyakua micro, "Mapacha! Alleluia! Na weye ule unasemaka Mungu anasahauka, umesikia ya mbuzi?" Lutgarde alikuwa analia na kucheka, anajifuta na leso ya karatasi, anawaonyesha majirani zake vidole viwili. Wawili! Wawili!

Nikakaa mezani. Wali nikausogeza pembeni.

Nikiwa na miaka saba nilijaza pengo kwa sababu niliambiwa nijaze. Sasa nina kumi na saba, hakuna ubao, hakuna Mwalimu Yona, na nimejaza tena.

Saa tisa kasoro robo nilikuwa jikoni naosha vyombo. Nani anaingia na kitambaa cha kufutia? Lutgarde. Tukawa wawili tu. Mimi naosha, yeye anafuta. Akaniuliza majina ya mapacha.

Nikasema nikiangalia sinki, "Madame, hakukuwa na mbuzi."

Akaendelea kufuta sahani.

"Sukari?"

"Hakuwepo."

"Na Chumvi?"

"Naye pia."

"Hawa wa leo?"

"Nao pia, Madame. Nisamehe."

Nikamwambia yote. Ubao, chaki, mstari mtupu, panya wa bibi. Nilisema maneno mengi kuliko ninavyosema shuleni kwa mwezi. Sahani ilikuwa imeshakauka zamani na yeye bado anaifuta.

Mwisho akasema, taratibu, "Ule mguu nilimpigia simu kaka yangu. Yeye ndiye alijua kuufunga. Tulikuwa hatujaongea miaka miwili."

Akatundika kitambaa, akatoka. Nikabaki na maji ya sabuni.

Nilijua nimeshaharibu. Nikamaliza masufuria yote peke yangu, hata yasiyo yetu.

Nilipokuwa navaa koti, akatokea mlangoni, yeye tayari na kofia yake.

"Na viatu?" akauliza. "Uliwahi kuniandikia kwamba ulilala navyo. Hiyo nayo ilikuwa ubaoni?"

"Hapana, Madame. Hiyo ilikuwa yangu."

Akaitikia kwa kichwa. Hakutabasamu, sitawaongopea. Akachukua leso ya karatasi mezani, akaandika anwani yake, akanipa.

"Hatuhitaji ofisi tena," akasema. "Niandikie. Barua ya mtu mmoja."

Akaondoka.

Njiani tukafika kituo cha metro cha Porte de Namur. Pale ndipo mama akasema, "Ungemwacha na mapacha wake." Tulipofika nyumbani akanipikia ugali na dagaa bila kuombwa, kwa hiyo sijui yuko upande gani.

Wakuu, nilichojifunza ni hiki. Kwa miaka mingi nilidhani shukrani ni kumpa mtu anachopenda kusikia. Yule bibi alinivalisha, akanisomesha, kusoma na kuandika kwangu kote kulianzia kwake, hata huu uzi. Na aliyenipa viatu hakuwahi kunidai mbuzi. Nilijidai mwenyewe.

Na tafadhali msimseme vibaya Mwalimu Yona. Kwa chaki moja alituvusha arobaini, na kama angesubiri kila mmoja apate maneno yake, barua zisingeondoka mpaka leo. Mungu ambariki huko alipo. Mambo ya shukrani nikianza kuyahesabu yeye yuko juu kabisa, pembeni ya Lutgarde, na bibi yangu na panya wake.

Kama humu kuna aliyesomeshwa na mfadhili, naomba aniambie ukweli: wewe kwenye ule mstari ulijaza nini? Na kama kuna aliyewahi kuwa mfadhili, mniambie mngependa kuandikiwa kipi. Matusi pia nitasoma, ila polepole, mimi ni mwoga.

Kesho yake, Jumatatu, niliamka saa kumi na moja na nusu alfajiri. Nikachana karatasi mbili katikati ya diary, nikakaa kwenye meza ya jikoni kabla mama hajaamka.

Niliandika kuhusu bibi yangu wa Kigoma. Niliandika rangi ya kamba za viatu, na jinsi nilivyovifuta kwa mate kila asubuhi mpaka vikapasuka, na nilivyolia vilipopasuka. Niliandika asante, mara moja tu, mahali pake.

Kisha nikapanda metro stesheni tatu, nikaitafuta nyumba kwa ile leso, nikaisukuma barua kwenye sanduku la mlangoni, nikachelewa kipindi cha kwanza.

Mstari wa kwanza wa barua ulikuwa huu: Nyumbani hatukufuga kitu.