Nilitafuta Shosho kwa Jina Langu

Kwetu, msichana wa kwanza, kama mimi, hupewa jina la mama yake baba, yaani shosho. Kwa hivyo baba alipofariki, mwili ukiwa bado mochari, nilijua pa kuanzia. Baba alikuwa ameomba kitu kimoja tu: azikwe karibu na mamake. Lakini hakuwahi kutupeleka huko. Kila Krismasi ilikuwa "mwaka ujao", mpaka nikachoka kuuliza.

Mama alijua tu kijiji alichotoka baba, huko juu kwa mashamba ya majani chai, na kwamba alikuja Nairobi akiwa mdogo, akakulia soko la Kariokor kwa watu wanaoshona viatu vya tairi. Baadaye akahamia mtaa wa Tena, halafu hapa Tassia. Historia yote ya ukoo wetu ni hiyo.

Nilienda hicho kijiji na kaka yangu. Boma moja lilikuwa na shosho wa jina langu! Nikaanza kulia kabla wenyeji hawajamaliza kuongea. Kumbe huyo hakuwahi kupoteza mtoto.

"Mmekuja kutafuta shamba?" kijana mmoja akauliza.

"Tunatafuta kaburi, boss," kaka akamjibu. "Shamba baki nalo."

Tukarudi, tukaenda Kariokor. Watu wa viatu wakatuonyesha mama mmoja mzee, bado anashona sandali. Nikampa simu aone picha ya baba. Akaiangalia, akaisogeza karibu na macho. Mimi sina subira, nikamwambia jina langu, nikamuuliza kama alimjua shosho aliyeitwa hivyo.

"Si ni mimi, we mtoto," akasema. "Babako alikuja hapa mdogo, hata jina la mamake halijui. Alikuwa analala kwa kibanda changu. Aliniambia akipata msichana atanizaa, ampe jina langu. Nikamwambia, toka hapa, wewe na mdomo yako."

Kumbe jina langu ni la huyu. Mama aliyemzaa baba kule kijijini, labda tulipita karibu na kaburi lake tukikimbilia gari.

Tulimzika baba kwa makaburi ya umma. Mchungaji alipoita mzazi wa marehemu arushe mchanga kwanza, watu wakaangaliana. Nikamshika mkono yule mama wa Kariokor. "Shosho, ni wewe."

Alirusha. Halafu akamuuliza mchimba kaburi, "Hapa kando yake kuna mtu?"

"Bado."

"Basi niwekee hiyo nafasi."

"Hapa hatuwekeani, mathe. Kesho asubuhi kuna mwingine anaingia hapo."